Kanisa, Shule na Mahakama: Mrengo wa Kulia wa Kikristo Marekani Ulikotoka

Juni 1971 wajumbe wa Muungano wa Wabaptisti wa Kusini walikutana mjini St. Louis, Missouri. Hilo ndilo dhehebu la Kiprotestanti lenye waumini wengi kuliko yote nchini Marekani, na miongoni mwa maazimio waliyopitisha lilikuwamo moja kuhusu utoaji mimba. Waliwataka Wabaptisti wafanye bidii zipatikane sheria za kuruhusu mimba itolewe pale mwanamke alipobakwa, mimba ilipotokana na ndugu wa damu, mtoto alipothibitika kuwa na ulemavu mkubwa tumboni, au afya ya mama ilipokuwa hatarini, iwe ya mwili, ya akili au ya moyo. Walitaka sheria ya kuruhusu, si ya kukataza. Mwaka 1974, Mahakama ya Juu ikiwa imeshatoa uamuzi wa Roe dhidi ya Wade uliohalalisha utoaji mimba nchi nzima, walilithibitisha tena azimio hilo.

Juni 24, 2022, mahakama hiyohiyo iliufuta uamuzi wa Roe, na viongozi wa Wabaptisti wa Kusini walikuwa mstari wa mbele kumshukuru Mungu. Miaka 51 ilikuwa imepita tangu St. Louis. Biblia ilikuwa ileile na dhehebu lilelile.

Mimi ni Mkristo. Nimelelewa na mahubiri ya wachungaji wa Marekani, kwanza kwa kaseti zilizokuwa zikizunguka nyumba hadi nyumba, baadaye kwa televisheni. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba sehemu ya nilichopokea kama Injili kilikuwa ni siasa za nchi ya watu, zilizozaliwa na ugomvi wa watu. Ndiyo maana nimelifuatilia swali hili: mrengo wa kulia wa Kikristo wa Marekani ulitoka wapi? Jibu linalotolewa mara nyingi, kwamba waumini walikasirishwa na utoaji mimba wakainuka mara moja, halilingani na tarehe.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Wakristo wa kiinjili wa Marekani wanafanana kwa mengi na wale ambao kwetu Afrika Mashariki huitwa walokole. Wanasisitiza kuokoka, wanaiona Biblia kuwa neno la mwisho, na wanahesabu kushuhudia kuwa ni wajibu wa kila aliyeokoka. Lakini kuokoka hakumpi mtu chama. Waprotestanti weusi wa Marekani, ambao wengi wao wanaamini mambo hayohayo neno kwa neno, hukipigia kura chama cha Democratic kwa wingi mkubwa, uchaguzi baada ya uchaguzi. Mama mweusi wa Alabama na jirani yake mzungu wanaweza kuimba tenzi moja Jumapili, kisha Jumanne ya uchaguzi wakapiga kura kinyume kabisa. Kwa hiyo tunaposema mrengo wa kulia wa Kikristo hatusemi Wakristo wote, wala hatusemi walokole wote. Tunasema mtandao wa kisiasa wa wachungaji, vyama, vyuo, vituo vya redio na televisheni, mawakili na wafadhili. Wengi wao ni wazungu wa kiinjili, walioshikana mikono na Wakatoliki wahafidhina, na waliojifunga na chama cha Republican.

Kuna jambo la zamani ambalo kila nikilikumbuka hunisikitisha. Kabla ya uhuru wa Marekani, katika koloni la Virginia ambako Kanisa la Anglikana ndilo lililokuwa kanisa la serikali, wahubiri wa Kibaptisti walitiwa jela kwa kuhubiri bila kibali. Wao ndio waliolilia dini na dola visichanganywe. Marekebisho ya kwanza ya katiba, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yalikataza Bunge kuweka dini ya taifa. Na maneno mashuhuri kuhusu ukuta unaotenganisha kanisa na dola yamo katika barua ambayo Rais Thomas Jefferson aliwaandikia Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, mwaka 1802, akijibu barua yao ya hofu na matumaini. Ukuta huo uliwahifadhi Wabaptisti kabla ya kumhifadhi mtu mwingine yeyote, na wajukuu wao ndio waliokuja kusema kwamba ukuta huo haukuwahi kukusudiwa.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, Wakristo hawa hawakuwa jeshi la siasa. Mwaka 1925, mjini Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha nadharia ya mageuko ya viumbe. Alitiwa hatiani, lakini magazeti ya miji mikubwa yaliwacheka sana waumini waliomshtaki, na wengi wao walijitenga na mambo ya dunia. Wakajijengea vyuo vyao vya Biblia, redio zao, majarida yao na mashirika yao ya umisionari. Nani angejua wakati huo kwamba mambo hayo yote, yaliyojengwa ili kuikimbia siasa, yangekuwa siku moja mtambo wa siasa ulio tayari kuwashwa?

Mwaka 1965 mchungaji kijana wa Lynchburg, Virginia, aitwaye Jerry Falwell, alihubiri dhidi ya wachungaji waliokuwa wakiandamana na Martin Luther King. Alisema wahubiri hawakuitwa kuwa wanasiasa, wameitwa kuvuta roho za watu kwa Kristo. Miaka 14 baadaye mchungaji huyohuyo alianzisha Moral Majority, chama kilichobadilisha siasa za Marekani.

Ili kuelewa kilichomgeuza inabidi twende shuleni. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwatenganisha watoto weusi na wazungu katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Wazungu wengi wa Kusini hawakukubali. Serikali ilipoanza kuwalazimisha, walifungua shule za binafsi, nyingi zikiwa chini ya makanisa. Kaunti ya Holmes, Mississippi, ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mwaka wa kwanza wa kuchanganya wanafunzi, idadi ya watoto wazungu katika shule za umma ilishuka kutoka 771 hadi 28. Mwaka uliofuata hakubaki hata mmoja.

Shule hizo mpya ziliomba msamaha wa kodi kama taasisi za hisani, na waliozichangia walipunguziwa kodi pia. Wazazi weusi wa Holmes walikwenda mahakamani mwaka 1969. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kodi yetu haiwezi kutumika kuwafadhili wanaotukimbia. Mwaka 1971 walishinda. Mahakama ilisema shule inayobagua kwa rangi si taasisi ya hisani kisheria, kwa hiyo haistahili msamaha wa kodi.

Chuo cha Bob Jones cha Greenville, South Carolina, ndicho kilichoingia vitani waziwazi. Ni chuo cha Kikristo ambacho hadi mwaka 1971 hakikupokea mwanafunzi mweusi hata mmoja, na hata baada ya kuwapokea kiliendelea kukataza wapenzi wa rangi tofauti, marufuku kilichoiondoa mwaka 2000 tu. Mamlaka ya kodi ilikinyang'anya msamaha mwaka 1976. Mwaka 1978 kamishna wa kodi Jerome Kurtz alipendekeza kanuni kali zaidi kwa shule zote za binafsi zilizoonekana kuanzishwa ili kukwepa weusi, na barua zaidi ya laki moja za kupinga zikamiminika ofisini. Wachungaji ambao hawakuwahi kukaa meza moja walikutana kwa sababu ya jambo hili. Paul Weyrich, mtaalamu wa mikakati wa wahafidhina aliyeshiriki kuanzisha Heritage Foundation mwaka 1973, alikiri miaka mingi baadaye kwamba kwa muda mrefu alijaribu kuwaamsha kwa utoaji mimba, kwa picha za ngono na kwa kupigwa marufuku sala shuleni, na akashindwa. Kilichowaamsha ni serikali kugusa shule zao.

Mwanahistoria Randall Balmer ndiye aliyeisimamia hoja hii kwa nguvu zaidi. Wapo wanahistoria wanaompinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema wazazi wengi walipeleka watoto shule za kanisa kwa sababu mahakama ilikuwa imekataza sala zilizoandaliwa na serikali mwaka 1962 na usomaji wa Biblia wa lazima mwaka 1963, na kwamba hasira juu ya utoaji mimba ilikuwa ikipanda yenyewe miongoni mwa waumini wa kawaida tangu mwanzo wa miaka ya sabini. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Kodi iliwapa viongozi sababu ya kukaa pamoja. Lakini kodi haimtoi mama wa watoto wanne nyumbani kwake usiku akagawe vipeperushi. Kwa hilo ilihitajika sababu nyingine.

Sababu hiyo ilitoka kwa Wakatoliki. Wao ndio waliopinga Roe tangu siku ya kwanza, huku Waprotestanti wengi wakiliona kuwa ni jambo la Wakatoliki. Mwanamke Mkatoliki wa Illinois, Phyllis Schlafly, alikuwa tayari ameonyesha kinachowezekana. Marekebisho ya katiba ya usawa wa jinsia yalipitishwa na Bunge mwaka 1972 na kila mtu aliamini yangeidhinishwa na majimbo 38 yaliyotakiwa. Schlafly aliwakusanya akina mama wa majumbani na kuyazuia yakiwa yameidhinishwa na majimbo 35. Mwaka 1977 mwimbaji Anita Bryant aliongoza kampeni mjini Miami na kufuta sheria ndogo iliyowalinda mashoga dhidi ya ubaguzi. Neno likawa familia, na familia ni neno ambalo Mbaptisti wa Georgia na Mkatoliki wa Chicago wangeweza kulisimamia pamoja.

Kisha Novemba 1978, Jumapili moja kabla ya uchaguzi, vipeperushi dhidi ya utoaji mimba vilibandikwa kwenye magari nje ya makanisa ya Iowa. Seneta Dick Clark, aliyetarajiwa kushinda kwa urahisi, alishindwa. Msomaji wa Afrika amkumbuke mtu huyu: alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti kuhusu Afrika, na ndiye aliyeleta sheria ya mwaka 1976 iliyoizuia serikali ya Marekani kufadhili vita kwa siri nchini Angola. Weyrich aliyaona matokeo ya Iowa na akaelewa kwamba ameipata silaha aliyoitafuta. Mwaka uliofuata, Juni 1979, Moral Majority ilizaliwa, Falwell akiwa mbele na Weyrich akiwa nyuma ya pazia. Wabaptisti wa Kusini, kwa upande wao, waliligeuza azimio lao la St. Louis mwaka 1980.

Rais aliyekuwa madarakani alikuwa mmoja wao. Jimmy Carter alikuwa Mbaptisti wa Kusini, aliyetangaza hadharani kwamba amezaliwa mara ya pili na aliyefundisha shule ya Jumapili. Walimwacha. Walimlaumu hata kwa kisa cha Bob Jones, ingawa chuo kilinyang'anywa msamaha mwaka mmoja kabla hajaapishwa. Agosti 1980, katika mkutano mkubwa mjini Dallas, Ronald Reagan aliwaambia maelfu ya wachungaji na waumini kwamba anajua hawaruhusiwi kumuunga mkono, ila wajue kwamba yeye anawaunga mkono wao. Reagan alikuwa ameachana na mke wake wa kwanza, na mwaka 1967, akiwa gavana wa California, alitia saini sheria iliyolegeza masharti ya utoaji mimba. Mwalimu wa shule ya Jumapili alishindwa na mwigizaji wa Hollywood, kwa kura za waliookoka. Tangu siku hiyo swali halikuwa tena mgombea anaishi vipi. Lilikuwa atatufanyia nini.

Kauli yake kwamba hawaruhusiwi ilitokana na sheria ya mwaka 1954, iliyoletwa na Lyndon Johnson alipokuwa seneta, inayozikataza taasisi zenye msamaha wa kodi kumpigia debe mgombea. Walijifunza kuizunguka. Christian Coalition, chama kilichoanzishwa mwaka 1989 na mhubiri wa televisheni Pat Robertson baada ya kuwania urais na kushindwa, kilisambaza makanisani mamilioni ya karatasi za kulinganisha wagombea. Upande huu mgombea mmoja, upande ule mwenzake, katikati orodha ya mambo: utoaji mimba, sala shuleni, kodi. Hakuna mahali palipoandikwa mpigie fulani, lakini aliyeisoma karatasi ile akitoka ibadani alijua la kufanya.

Hapa ndipo penye kiini cha nguvu yao, na ningependa tukae hapa kidogo. Watu wa nje hudhani nguvu hii inatokana na wingi. Wingi upo, lakini haujawahi kukaribia nusu ya Wamarekani. Siri yao ni kura za mchujo. Mbunge anayetoka eneo ambalo ni ngome ya Republican hamhofii mgombea wa Democratic. Anahofia kuangushwa na mwenzake ndani ya chama. Mtanzania anayekumbuka kura za maoni za CCM katika jimbo lake, au Mkenya aliyeshuhudia mchujo wa chama katika ngome ya chama hicho, hahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana aliyepita ndani ya chama amekwisha kupita. Na mchujo wa Marekani hupigiwa kura na watu wachache sana, siku ambayo wengi hawaijui hata tarehe. Kanisa linalojaza basi mbili za wapiga kura siku hiyo lina uzito mara nyingi kuliko idadi yake. Ralph Reed, kijana aliyeiendesha Christian Coalition, aliwafundisha wanachama wake kuanzia chini kabisa: kamati ya shule, baraza la mji, uongozi wa chama katika kata. Kazi hizo hazina sifa wala mshahara wa maana. Wao walizitaka.

Na kanisa lina kitu ambacho chama cha siasa hukitafuta kwa fedha nyingi bila kukipata. Lina watu wanaokutana kila wiki, wanaojuana kwa majina, wanaopelekeana chakula wakati wa ugonjwa na msiba, walio na orodha ya simu, magari na mtu wa kuwaangalizia watoto. Chama cha wafanyakazi kiliwahi kuwa na kitu kama hicho upande wa Democratic, lakini vyama hivyo vilikuwa vikififia miaka ileile makanisa makubwa yalipokuwa yakikua.

Hata hivyo kwa muda mrefu walishinda uchaguzi wakakosa walichokitaka. Reagan aliwapa maneno mazuri. Mwaka 1992 kesi ya utoaji mimba kutoka Pennsylvania ilifika Mahakama ya Juu, na karibu kila mtu aliamini kwamba Roe imekwisha. Haikufa. Iliokolewa na majaji watatu: Sandra Day O'Connor, Anthony Kennedy na David Souter. Wawili wa kwanza waliteuliwa na Reagan na wa tatu na George Bush mkubwa. Kwa waliokesha wakipigia watu simu na kugawa vipeperushi miaka kumi na miwili, huo ulikuwa usaliti wa nyumbani.

Somo walilolipata lilibadilisha kila kitu. Jaji wa Mahakama ya Juu hukaa hadi afe au astaafu kwa hiari yake, kwa hiyo lazima umjue kabla hajateuliwa. Federalist Society, chama cha wanasheria wahafidhina kilichoanzishwa na wanafunzi mwaka 1982, si chama cha dini, lakini kilikuwa mahali pa kuwatambua vijana wenye msimamo, kuwapeleka kwa majaji, kisha serikalini, kisha wao wenyewe kuwa majaji. Shirika la mawakili la Alliance Defending Freedom lilianza miaka ya tisini kupeleka mahakamani kesi za Wakristo moja baada ya nyingine. Mwaka 2005 George W. Bush, rais aliyeokoka na kipenzi chao, alimteua wakili wake Harriet Miers, mwanamke mwenye imani ya kiinjili. Wahafidhina walimkataa. Kuokoka hakukutosha, walitaka rekodi. Miers alijitoa, nafasi ikaenda kwa Samuel Alito, na miaka 17 baadaye Alito ndiye aliyeandika uamuzi wa kuifuta Roe.

Ukilielewa hilo, Donald Trump si fumbo tena. Mei 2016 alitoa orodha ya majina ambayo angechagua humo jaji wa Mahakama ya Juu, jambo ambalo mgombea hakuwahi kulifanya. Jaji Antonin Scalia alikuwa amefariki Februari na Seneti ya Republican ilikuwa imekataa hata kumsikiliza mtu aliyeteuliwa na Obama, kwa hiyo kiti kilikuwa wazi mezani. Oktoba ilipotoka sauti ya Trump akijisifu jinsi anavyowashika wanawake apendavyo, viongozi wachache walimwacha. Wengi walibaki. Novemba, kiasi cha wanane kati ya kila wazungu kumi wa kiinjili waliopiga kura walimpigia yeye.

Kuna takwimu moja inayoeleza mabadiliko haya kuliko hotuba yoyote. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi aliyetenda uovu katika maisha yake binafsi anaweza kuwa mwadilifu katika kazi ya umma. Asilimia 30 tu ya wazungu wa kiinjili walisema ndiyo, wakiwa wakali kuliko kundi lolote. Mwaka 2016 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 72. Na Wabaptisti wa Kusini walikuwa wamepitisha azimio mwaka 1998, wakati wa kashfa ya Bill Clinton, kwamba tabia ya kiongozi haitenganishwi na kazi yake.

Ni rahisi kuwaita wanafiki tukaishia hapo. Sidhani kama inatosha. Watu hawa waliyatazama makanisa yakipungua watu. Kwa hesabu za PRRI, wazungu wa kiinjili walikuwa asilimia 23 ya Wamarekani mwaka 2006, na karibu asilimia 14 mwaka 2020. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilihalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima. Waliuona utawala wa nyumba waliyodhani ni yao ukiwaponyoka, na aliyezingirwa hatafuti mtakatifu, hutafuta mpiganaji. Hofu hiyo naielewa. Lakini mtu mwenye hofu hukubali bei ambayo siku nyingine angeikataa, na walipa bei hiyo wa kwanza ni vijana wa makanisa hayohayo, ambao wengi wameondoka na hawajarudi. Walioonya kutoka ndani walikuwepo. Russell Moore, aliyeongoza ofisi ya sera ya Wabaptisti wa Kusini, aliandamwa hadi akaondoka mwaka 2021. Jarida la Christianity Today liliandika Desemba 2019 kwamba Trump aondolewe madarakani, na likashutumiwa kila upande na watu wake lenyewe.

Trump alilipa deni. Aliteua majaji watatu, Neil Gorsuch, Brett Kavanaugh na Amy Coney Barrett, na Mei 2018 ubalozi wa Marekani ulifunguliwa Yerusalemu, wachungaji wawili wa Texas wakiongoza sala. Roe ilifutwa.

Kilichofuata hakikuwa walichotarajia. Wiki sita tu baadaye, Agosti 2022, wapiga kura wa Kansas, jimbo la Republican, walikataa kuondoa ulinzi wa utoaji mimba katika katiba yao kwa asilimia 59 dhidi ya 41. Ohio ilifuata mwaka 2023 kwa kuuweka ulinzi huo katika katiba. Trump aliona upepo. Ilani ya Republican ya mwaka 2024 iliacha kudai marufuku ya kitaifa, na mgombea wao akaahidi kwamba serikali au bima italipia urutubishaji wa mimba maabara, miezi michache baada ya Wabaptisti wa Kusini kupitisha azimio la kuonya dhidi ya teknolojia hiyohiyo. Walimpigia kura vilevile, karibu kwa kiwango kilekile. Miaka ya tisini wanasiasa ndio waliokwenda kwa wachungaji kuomba. Sasa anayeomba ni nani?

Sisi huku si watazamaji wa mbali. Mwaka 1984, katika mkutano wa idadi ya watu mjini Mexico City, serikali ya Reagan ilitangaza kwamba shirika lolote la nje linalotoa mimba au hata kumshauri mwanamke kuhusu hilo halitapata fedha za Marekani za uzazi wa mpango. Tangu hapo kila rais wa Democratic ameifuta amri hiyo na kila rais wa Republican ameiendeleza au kuirudisha. Bush mdogo alipoirudisha mwaka 2001, chama cha uzazi wa mpango cha Kenya kilikataa masharti, kikakosa fedha na kikalazimika kufunga baadhi ya kliniki zake.

Bush huyohuyo, mwaka 2003, aliahidi dola bilioni 15 kwa miaka mitano kupambana na UKIMWI, na Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kunufaika. Wakristo wa kiinjili waliupigania mpango huo, akiwemo Michael Gerson, mwandishi wa hotuba zake. Masharti yao yalikuwemo ndani, ikiwamo theluthi moja ya fedha za kinga kutengwa kwa mafundisho ya kusubiri hadi ndoa. Lakini dawa zilifika, na mamilioni ya watu wako hai. Siwezi kuandika habari za mrengo huu kwa haki nikaacha jambo hilo, kama nisivyoweza kuacha semina ya Kampala ya Machi 2009, ambako Wamarekani watatu wa kiinjili walihutubia dhidi ya ushoga, miezi michache kabla ya mbunge David Bahati kupeleka muswada wake bungeni. Waganda walikuwa na sababu zao wenyewe, lakini wageni wale walichochea.

Kisha ikaja Januari 24, 2025. Siku hiyo Trump aliirudisha amri ya Mexico City. Siku hiyohiyo wizara yake ya mambo ya nje iliagiza miradi ya misaada ya nje isimamishe kazi, na mpango wa UKIMWI wa Bush ukiwemo. Gerson alikuwa amefariki mwaka 2022. Kwenye kliniki za Kenya na Uganda wahudumu walipokea ujumbe wa kuwataka waache kazi mara moja, hata wagonjwa waliokwisha kupangiwa tarehe za kuchukua dawa wakawa hawajui wataambiwa nini wakifika.